Printa inakunywa yenyewe: jinsi ya kupiga hesabu ya wino kabla hujanunua (na kama ushanunua)

Mi nafundisha tuisheni nyumbani, Chuno, hapa Mtwara mjini. Watoto wa la sita na la saba, 30 hivi, na kila Jumamosi wanafanya jaribio. Zamani nilikua naenda steshenari na flashi, naprinti moja, nakopi zilizobaki, narudi. Alafu siku moja nkaona printa dukani, ya rangi, inaskani, inatoa kopi, bei chee kabisa, nkajua hapa nimeokota dodo chini ya mnazi. Jumamosi ya kwanza nkaprinti jaribio la kurasa nne kwa kila mtoto. Kufika seti ya 19 maandishi yakawa ya kijivu, seti ya 20 imekuja na mistari mistari kama imekwaruzwa na kuku, ya 21 ikatoka nyeupe pee. Watoto wameshakaa kwenye mkeka wananiangalia. Nkaandika maswali ubaoni.

Jumatatu nimeenda kuulizia katriji nyeusi (kile kiboksi cha wino kinachochomekwa ndani ya printa), bei yake karibu theluthi ya bei ya printa nzima. Hapo ndo nkaanza kusoma hivi vitu, na nayaandika hapa ili we usijifunze mbele ya watoto kama mimi.

Kwanza uelewe biashara yenyewe ilivyo. Printa za wino za nyumbani, hasa zile za bei ya chini, hazitengenezwi ili kampuni ipate faida kwenye mashine, faida iko kwenye wino. Ni kama king'amuzi tu, unauziwa kwa bei ya kutupa alafu unalipia kifurushi mpaka uzeeke. Kwa hiyo ukiingia dukani usiangalie bei ya printa. Namba ya kwanza kuulizia ni ya katriji, ya pili ni kurasa ngapi, ya tatu bei yake. Muuzaji asipojua hizo tatu, toka nje, ingia kwenye simu utafute mwenyewe, zipo.

Mfano, katriji nyeusi ya HP 123 imeandikwa kurasa 120, ya rangi kurasa 100. HP 305 hivohivo, 120 na 100. Canon PG-445 ni kurasa 180. HP 652 nyeusi ni 360, hiyo angalau. Sasa 120 ni nini? Watoto 30 mara kurasa nne. Jumamosi moja, basi, imeisha. Na hiyo ni katriji unayonunua, ile inayokuja ndani ya boksi la printa mara nyingi inakua na wino pungufu, inaitwa ya kuanzia, ndo iliyoniaibisha mie.

Alafu hizo kurasa za kwenye boksi nazo usizichukue kama zilivyo. Zinapimwa kwa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 24711, kuna kurasa maalum za majaribio, wanaziprinti mfululizo mpaka wino unaisha. Neno lenyewe ni mfululizo. Hakuna nyumba inaprinti hivyo. We unaprinti mbili leo, unakaa siku tisa, unaprinti moja, mtoto anakuja na picha ya katuni yenye usiku mweusi ukurasa mzima, unaondoka wiki tatu. Hesabu yako haiwezi kufanana na ya maabara hata siku moja.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua daftari la kawaida, toboa tundu, lifunge kwa kamba kwenye printa. Kila ukiweka katriji mpya andika tarehe na bei. Karatasi usihesabu moja moja utachoka, tumia rimu: rimu ni 500, ukifungua mpya andika tarehe juu ya lile ganda lake, na siku katriji inakufa hesabu zilizobaki tu, utajua ngapi zimeenda. Gawa bei ya katriji kwa hizo. Hiyo ndo bei yako halisi ya ukurasa, ile ya kwenye boksi isahau.

Tufanye katriji ni elfu 40 (bei zinabadilika, we weka ya dukani kwako). Kwa kurasa 120 za boksi ni shilingi 333 kwa ukurasa. Mie katriji yangu ya pili ilitoa 80 tu. Elfu 40 gawa kwa 80 ni jero. Jero kwa karatasi moja nyeusi na nyeupe, bado karatasi yenyewe, bado umeme, wakati steshenari ya jirani wanaprinti kwa 200! Yaani nimenunua mashine ili nilipe zaidi ya mara mbili.

Sasa zile 40 zilizopotea zilienda wapi? Hapa ndo penye utamu, na hapa ndo watu wengi hawajui.

Nilimpelekea fundi mmoja printa ikiwa imegoma. Nilikua nimesafiri msimu wa korosho, nimekaa Newala wiki sita kwa wakwe, nimerudi naprinti inatoa mistari. Nkabonyeza kusafisha hedi (kile kichwa kinachorusha wino kwenye karatasi), mara ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano, mpaka ikaandika wino wa rangi umeisha. Ukurasa wa rangi sijaprinti hata mmoja! Nkamwambia fundi hii katriji ni feki. Akacheka, akafungua vile visikurubu vya nyuma, akachomoa kitu kama sponji kipo chini upande wa kulia, cheusi tii, kimelowa. Akakibinya na ncha ya bisibisi, wino ukatoka, ukachuruzika kwenye gazeti.

"Mwalimu, wino wako huu hapa. Hii mashine inakunywa yenyewe."

Ndivyo zinavyofanya zote. Hedi ina vitundu vidogo kuliko unywele, wino ukikauka pale vinaziba, kwa hiyo mashine inajisafisha kwa kufyonza au kurusha wino mpaka vitundu vifunguke, na ule wino hauendi kwenye karatasi, unaenda kwenye pedi, lile sponji. Inafanya ukiiamuru, na inafanya yenyewe pia, ukiiwasha, ukibadilisha katriji, ikikaa muda mrefu. Kwa mtu anayeprinti kidogo kidogo nyumbani, sehemu kubwa ya wino inaweza kuishia huko, na ndo mana nasema anayeprinti kidogo ndo anayelipa ghali zaidi. Ni kinyume na tunavyofikiria, tunaona "mi naprinti mara moja moja, wino utakaa mwaka". Haukai.

Kwa hiyo namna ya kuishi nayo:

Izime kwa kitufe chake. Usizime kwenye soketi, usichomoe ekstensheni. Ukibonyeza kitufe hedi inarudi nyumbani kwake pembeni na kufunikwa na kimfuniko cha mpira, ndo mana inalia krrr-tik kabla ya kuzima kabisa. Ukikata umeme ghafla hedi inaweza kubaki katikati iko wazi, na joto letu hili la Februari unalijua, asubuhi vitundu vimeshaganda. Umeme ukikatika wenyewe katikati ya kazi hamna namna, ila ukirudi tu iwashe, iache ijipange, alafu izime vizuri.

Usiiwashe na kuizima mara kumi kwa siku, kila kuwasha ni kihatari cha kujisafisha. Kusanya kazi zako, washa mara moja, printi zote, zima. Na kila wiki toa ukurasa mmoja wenye rangi zote, hata kama huna kazi, kisanduku kidogo cheusi, chekundu, cha bluu, cha njano. Huo ukurasa mmoja ni bei rahisi kuliko kusafisha hedi mara moja.

Ikitoa mistari, usikimbilie kusafisha. Printi kwanza ile karatasi ya kupima vitundu, iko kwenye menyu ya matengenezo, kwa kompyuta nyingi utaona Nozzle Check. Inatoa vijistari vidogo vidogo vya kila rangi, angalia vimekatika wapi. Kama ni njano tu imekatika pawili na we unaprinti maandishi meusi, achana nayo, endelea na kazi. Kama nyeusi imekatika, safisha mara moja, pima tena. Mwisho mara tatu. Mwongozo wa Epson za tanki (zile unazojaza wino wa chupa badala ya kuweka katriji) unasema ukishasafisha mara tatu bila mafanikio subiri angalau masaa 12 bila kuprinti ndo upime tena, na ni kweli, mara nyingi inajifungua yenyewe usiku, mana wino unalainisha ule uliokauka taratibu. Kuna na usafishaji mkubwa, Power Cleaning, huo usiuguse kwa hasira, unameza wino mwingi mpaka wenyewe wanataka kila tanki liwe na angalau theluthi moja kabla hujaanza.

Na ile pedi ikijaa je? Mashine inahesabu, ikifika kikomo inagoma, taa zinawakawaka, inasema pedi ya wino imefika mwisho. Mafundi wanafanya riseti kwa programu dakika mbili, unalipa, unaondoka. Muulize kabadilisha pedi au karudisha hesabu tu? Kama karudisha hesabu tu, pedi bado imejaa, siku moja utakuta ziwa jeusi kwenye kitambaa cha meza cha mke wako, na hilo nalo ni gharama ya wino. Mashine nyingine za saivi pedi iko kwenye kiboksi unachomoa mwenyewe, ukinunua angalia hilo.

Haya, wino unaofika kwenye karatasi nao una ujanja wake. Sisi walimu tunarushiana mitihani WhatsApp, mtu kapiga picha na simu kwenye kitanda, ina kivuli, ina pembe ya shuka, karatasi imekua ya kijivu. We unaona maandishi, printa inaona kijivu ukurasa mzima na inakipaka chote, kwa uaminifu kabisa. Ukurasa mmoja wa hivyo unaweza kula wino wa kurasa kumi za maandishi. Kabla ya kuprinti pitisha picha kwenye programu ya kuskani ya simu, ile inayofanya nyeupe iwe nyeupe, au kaa chini uchape upya, dakika 20 zako. Mi saivi picha hainigusii printa. Nembo kubwa ya shule, bendera ya rangi juu, mstari mnene mweusi pembeni, vyote natoa.

Kwenye setingi weka Draft (wino mwepesi) kwa kazi za kawaida, na weka Grayscale (nyeusi na nyeupe). Ila jihadhari, kuweka nyeusi na nyeupe hakumaanishi rangi hazitumiki. Printa nyingi zinatengeneza weusi kwa kuchanganya rangi kulingana na aina ya karatasi uliyochagua, ukiacha imeandikwa karatasi ya picha ile ya kung'aa wakati umeweka ya kawaida, unachoma rangi kwa barua ya kuomba kazi. Chagua karatasi ya kawaida. Na ndo mana mashine inaweza kugoma kuprinti nyeusi kisa bluu imeisha, inakera sana hiyo, ila ipo.

Kuhusu ile alama ya "wino unakaribia kuisha", usitupe katriji siku hiyo. Mara nyingi ni makadirio tu, mashine inahesabu matone. Printi mpaka macho yako yaone imefifia. Kwenye Canon nyingi za katriji unaweza kushikilia kitufe cha Stop sekunde 5 hivi ikaendelea, inaacha kuhesabu. Ila hakikisha kuna wino kweli, hedi ikifanya kazi kavu inaungua.

Kujaza kwa bomba la sindano inawezekana, nimefanya, vidole vimekaa vyeusi mpaka Ijumaa msikitini. Jua tu hedi iko wapi. Kwa HP hizi za 123 na 305 na Canon za 445 hedi iko kwenye katriji yenyewe, ukiharibu unatupa katriji, hasara ndogo. Kwa Epson hedi iko ndani ya mashine, wino mbaya ukiziba pale unaweza kuambiwa bei ya hedi ukaona bora printa nyingine. Na kuna wino aina ya dai, unaoyeyuka kabisa kwenye maji, na pigmenti wenye chembe ndogo ndogo. Usichanganye, na usikubali kuambiwa "wino ni wino tu". Kuna na suala la chipu, mashine inasoma katriji na kuikataa kama sio ya kampuni. Septemba 2016 HP iliwahi kuleta moto huo, printa zao nyingi za OfficeJet zikaanza kukataa katriji za watu wengine siku moja, watu wakalalamika mpaka kampuni ikatoa programu ya kuondoa kizuizi. Kizuizi chenyewe bado kipo kwenye mashine zao nyingi, soma boksi.

Kingine ambacho sisi wa kusini kinatugusa: printa ya kuletewa. Mpwa wako yuko Ulaya kakuletea zawadi, shukuru, alafu angalia namba ya katriji. Mashine zinagawanywa kwa kanda. Katriji inayouzwa huku Afrika na Mashariki ya Kati kama HP 123, Ulaya wana 302, Marekani 63. Kwa macho ni mapacha, ukiichomeka mashine inakataa. Utaagiza Dar, kama Dar ipo, kwa basi, na nauli ya mzigo iandike kwenye daftari mana nayo ni bei ya wino. Mwaka 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara pale Somanga, katriji yangu ilikaa Dar mpaka nkaisahau, watoto wakarudi kwenye ubao. Nunua mashine ambayo wino wake umeuona kwa macho kwenye duka la hapa Mtwara au Lindi, zaidi ya duka moja.

Je tanki? Ndio nilikoishia. Epson walianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, wengine wakafata, Canon na mashine zao za G, HP nao. Chupa nyeusi ya Epson 103 ni mililita 65 na imeandikwa kurasa 4,500. Tufanye chupa ni elfu 35, ni kama shilingi 8 kwa ukurasa. Chukulia nusu inapotea kwenye pedi, bado ni 16. Karatasi yenyewe inakua ghali kuliko wino! Tatizo bei ya mashine. Kama ya tanki ni laki tano na nusu na ya katriji ni laki moja na nusu, tofauti ni laki nne, na kila ukurasa unaokoa 484 (jero toa 16), basi ni kurasa kama 830 ndo hela inarudi. Mi naprinti 480 kwa mwezi, miezi miwili haijaisha. We unayeprinti 20 kwa mwezi ni zaidi ya miaka mitatu, na hapo katikati hedi ikikauka umeumia.

Na tanki nalo sio malaika. Siku ya kwanza ukijaza linavuta wino kujaza mipira yote (vile vibomba vya kupitishia wino) mpaka kwenye hedi, utaona usawa umeshuka hujaprinti kitu, usimpigie muuzaji ukimtukana, ni kawaida na ni mara moja. Usiache literemke chini ya mstari wa chini, hewa ikiingia kwenye mipira utaitoa kwa kusafisha, na kusafisha unajua kunaenda wapi.

Kama unaprinti kumi kwa mwezi, CV, fomu, kitambulisho, usinunue kitu. Kumi kwa 200 ni elfu 2, mwaka mzima elfu 24, haifiki hata katriji moja. Nenda steshenari. Na kama ni kurasa nyingi nyeusi tupu, ulizia ya leza, toneri ni unga, haukauki hata ukikaa Newala mpaka mikorosho ichanue tena.

Karatasi funga kwenye mfuko wa nailoni, unyevu wa bahari unazilegeza zinakwama na wino unatambaa. Na wakati wa kupuliza salfa, ile dawa ya mikorosho, kama nyumba yako iko karibu na mashamba, funika mashine, lile vumbi linaingia kila mahali.

La mwisho ni watu wa "mwalimu niprintie viwili tu". Weka bei, ibandike ukutani, nyeusi 150, rangi 500, picha ya ukurasa mzima hapana. Mi nimebandika. Mama jirani yeye hajawahi kunipa hela, ananiletea ming'oko ya kuchemsha kwenye sahani, na kwenye daftari kuna safu yake kabisa: kurasa sita, sahani mbili.